Kila sindano na mlango wake

Mkononi, pajani au mshipani: mahali anapokudunga muuguzi pana sababu. Mzazi anayeijua sababu hiyo anaweza kumwepushia mwanawe ulemavu.

MWAMBIE mtu aliyezaliwa hapa Kenya akunje mkono wa kushoto wa shati lake. Aghalabu utaona kovu dogo la mviringo kwenye kigasha, baina ya kiwiko na kiganja. Hiyo ni alama ya BCG, chanjo ya kifua kikuu anayopewa mtoto punde tu baada ya kuzaliwa. Mtoto huyo huyo akifikisha wiki sita hupelekwa kliniki akadungwa mapajani, sindano moja paja la kushoto na nyingine la kulia. Akifikisha miezi tisa hudungwa chanjo ya ukambi na rubela kwenye mkono wa kulia, karibu na bega. Na matone ya polio? Hayo hutiwa mdomoni.

Je, msomaji, umewahi kujiuliza kwa nini dawa moja iende huku na nyingine kule? Yamkini ulidhani kwamba muuguzi huchagua tu mahali panapomfaa, au kwamba hutaka kumpunguzia mtoto maumivu kwa kutomdunga mara mbili mahali pamoja.

Ukweli ni kwamba mwili una milango kadhaa ya kuingizia dawa, na kila dawa imetengenezewa mlango wake. Dawa ikipitishwa mlango usio wake inaweza kukosa nguvu, ikatengeneza jipu, ikalemaza mguu au hata ikaua. Jambo hili halifai kuachiwa madaktari peke yao. Wewe ndiwe unayempeleka mtoto katika kliniki ya mtaani usiku, na mara nyingi ni wewe unayesema, "Daktari, tafadhali mdunge sindano apone haraka."

Kwa nini idungwe?

Njia iliyo rahisi na salama zaidi ya kupewa dawa ni ya mdomo. Tembe huyeyuka tumboni, ikanyonywa na utumbo, ikapita kwenye ini na hatimaye ikaingia katika damu. Kwa maradhi mengi njia hiyo inatosha kabisa.

Hata hivyo, kuna dawa ambazo tumbo halizivumilii. Insulini, ambayo wagonjwa wengi wa kisukari huitegemea, ni protini kama ile iliyomo ndani ya yai au nyama. Ukiimeza, tumbo litaisaga kama chakula kingine chochote na hakuna kitakachofika kwenye damu. Kuna pia mgonjwa asiyeweza kumeza kwa sababu amezirai au anatapika kila anachopewa. Tena kuna hali za dharura ambapo kungojea nusu saa tembe iyeyuke ni kuchelewa mno. Na mwisho, kuna dawa zinazotakiwa kukaa mwilini kwa wiki au miezi zikitoka kidogo kidogo. Hizo ndizo sababu kuu za kutumia sindano.

Bomba la sindano tunalolijua leo lilianza mwaka 1853. Mwaka huo Alexander Wood, daktari wa mji wa Edinburgh huko Scotland, na Charles Pravaz, daktari wa Lyon nchini Ufaransa, kila mmoja kivyake alitumia bomba lenye sindano iliyo wazi ndani. Wood aliwadunga wagonjwa wake mofini mahali palepale palipouma, akiamini kwamba dawa hufanya kazi pale ilipodungwa. Miaka michache baadaye daktari mwingine wa London, Charles Hunter, alionyesha kwamba hata ukidunga mbali na penye maumivu mgonjwa hupata nafuu, kwa kuwa dawa husafiri kwa damu. Tangu siku hizo swali limekuwa: je, tuingilie wapi, ili dawa ifike kwa kasi gani?

Ndani ya ngozi

Mlango wa kwanza ni ngozi yenyewe. Hapa sindano fupi na nyembamba hulazwa karibu iwe sambamba na mkono, ikaingia katika tabaka za ngozi bila ya kuivuka. Dawa inayotiwa ni kidogo sana. Mtoto mchanga hupewa BCG ya mililita 0.05, yaani sehemu moja ya ishirini ya mililita. Ikidungwa sawasawa huinuka kivimbe cheupe chenye vitundu vidogo kama ganda la chungwa.

Ngozi ni kama boma lenye walinzi wengi. Imejaa chembechembe za kinga ambazo kazi yao ni kumtambua adui na kupeleka habari zake kwa jeshi zima la mwili. Chanjo ikiwekwa mikononi mwa walinzi hao, hata ikiwa tone tu, mwili hujifunza upesi. Jambo ambalo huenda likakushangaza ni kwamba BCG ilipotumiwa kwa binadamu mara ya kwanza, huko Paris mwaka 1921, ilitolewa kwa mdomo. Kudungwa ndani ya ngozi kulikuja baadaye.

Wiki chache baada ya mtoto kudungwa BCG, mahali pale huvimba, hutoa usaha kidogo, hupasuka na kisha kuacha kovu. Mama wengi huogopa wakadhani sindano ilikuwa chafu. Hiyo ndiyo kawaida yake. Usikikamue kidonda hicho, wala usikipake mafuta au dawa yoyote. Kiache kikauke chenyewe.

Chanjo nyingine inayoweza kupitia hapa ni ile ya kichaa cha mbwa. Watu wengi bado huogopa kwenda hospitali baada ya kuumwa na mbwa kwa sababu walisimuliwa juu ya sindano 14 au 21 za tumboni. Hizo zilikuwa chanjo za zamani. Chanjo za sasa hudungwa mkononi, ama kwenye msuli ama ndani ya ngozi. Tangu mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani limependekeza ratiba fupi ya kudungwa ndani ya ngozi, sehemu mbili kwa kila ziara, kwa ziara tatu ndani ya wiki moja. Kila sehemu hutiwa mililita 0.1 tu, kwa hivyo chupa moja inaweza kuwafaa wagonjwa kadhaa. Ukiumwa, osha jeraha kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kisha uende hospitali siku hiyo hiyo. Dalili za kichaa zikishaanza, karibu hakuna anayepona.

Chini ya ngozi

Vuka ngozi na utafikia tabaka la mafuta. Huu ni mlango wa pili. Mafuta hayana mishipa mingi ya damu, kwa hivyo dawa iliyowekwa hapo huingia mwilini polepole.

Mgonjwa wa kisukari anaujua mlango huu kuliko mtu mwingine yeyote. Insulini iligunduliwa mjini Toronto, Kanada, mwaka 1921, na mnamo Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, akawa mgonjwa wa kwanza kutibiwa kwayo. Kabla ya hapo mtoto aliyepatwa na aina hiyo ya kisukari alikuwa anangojea kifo tu. Leo mgonjwa hujidunga mwenyewe tumboni, mapajani au upande wa nyuma wa mkono kwa juu, akitumia sindano ambayo huenda isizidi urefu wa milimita 4.

Kuna mambo mawili ambayo mgonjwa huyo anapaswa kuyajua. La kwanza ni kwamba insulini iliyodungwa tumboni hunyonywa upesi kuliko iliyodungwa pajani. Mtu anayebadilisha sehemu ovyo, leo tumbo na kesho paja, anaweza kuona sukari yake ikipanda na kushuka asijue kwa nini. La pili ni kwamba ukidunga palepale kila siku, mafuta hufanya uvimbe mgumu. Wagonjwa wengine hupendelea kudunga penye uvimbe kwa kuwa hapaumi sana, lakini insulini haitoki humo sawasawa. Dawa ni nzuri na kipimo ni sahihi, ila mlango umeziba. Sogeza sindano kila mara kiasi cha upana wa kidole, ukizunguka ndani ya sehemu ile ile.

Chanjo ya ukambi na rubela nayo hupitia chini ya ngozi. Hali kadhalika kuna sindano ya uzazi wa mpango inayofanya kazi kwa miezi mitatu. Ile ya zamani ina miligramu 150 na hudungwa kwenye msuli. Ile mpya ina miligramu 104 na hudungwa chini ya ngozi, na mwanamke akishafundishwa anaweza kujidunga mwenyewe nyumbani. Kipimo kimepungua, lakini kinga ni ya miezi mitatu vilevile kwa kuwa dawa hutoka taratibu.

Habari kubwa zaidi kuhusu mlango huu ilitoka mwaka 2024. Dawa ya lenakapaviri, inayodungwa chini ya ngozi mara mbili tu kwa mwaka, ilijaribiwa kwa wasichana na wanawake vijana nchini Uganda na Afrika Kusini ili kuzuia virusi vya Ukimwi. Miongoni mwa 2,134 waliopewa dawa hiyo, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa wakati wa utafiti. Dawa hukaa chini ya ngozi kama akiba ghalani, ikitumika kidogo kidogo kwa miezi sita.

Kwenye msuli

Mlango wa tatu ndio tunaoufikiria tunaposikia neno sindano. Hapa sindano ndefu zaidi husimamishwa wima, ikapenya ngozi na mafuta hadi kwenye msuli. Msuli una damu nyingi, kwa hivyo dawa huingia upesi kuliko ikiwekwa kwenye mafuta. Pia msuli unaweza kupokea dawa nyingi zaidi, na zile kali ambazo zingeichoma ngozi.

Chanjo za mtoto za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, zikiwemo zile za kumkinga na dondakoo, kifaduro, pepopunda na nimonia, hupitia hapa. Hudungwa upande wa nje wa paja kwa sababu paja ndilo lenye msuli mkubwa kwa mtoto mchanga, na pia halina mshipa mkubwa wa fahamu karibu. Sindano mbili hupelekwa mapaja mawili tofauti ili paja moja likivimba ijulikane ni chanjo ipi. Mtu mzima hudungwa kwenye msuli wa bega.

Mtu aliyeumwa na nyuki au aliyekula kitu ambacho mwili wake unakikataa, akavimba koo na kushindwa kupumua, hudungwa adrenalini upande huo huo wa nje wa paja. Msuli wa paja hufikisha dawa hiyo kwenye damu upesi, na dakika chache zinaweza kuwa ndizo uhai wake.

Sasa, msomaji, tafadhali soma kwa makini kuhusu matako. Ndani ya tako hupita mshipa wa fahamu ulio mnene kuliko yote mwilini. Hutoka uti wa mgongo, ukapita katikati ya tako na kuteremka mguuni hadi kwenye nyayo. Mshipa huu ndio unaouwezesha mguu kuinuka na vidole kusogea. Ukigawanya tako katika robo nne, ni robo ya juu upande wa nje pekee iliyo mbali nao. Anayedunga chini zaidi, au katikati, anacheza kamari.

Kwa mtoto mdogo na mwembamba kamari hiyo ni kubwa zaidi. Matako yake hayana nyama ya kutosha, na mtoto anayelia na kurukaruka hageuki akatulia ili robo ipimwe. Sindano ikiugusa mshipa ule, au dawa kali ikimwagikia kando yake, mguu unaweza kulegea papo hapo. Mtoto aliyeingia kliniki akitembea hutoka akiburuta wayo. Madaktari wa Uganda wameandika mara nyingi kuhusu watoto walioletwa kwao wakiwa hivyo, wengi wakiwa wamedungwa kwinini matakoni kwa sababu ya homa. Wengine hupona baada ya miezi, wengine hubaki na kilema maisha yao yote. Wapo pia ambao msuli wa tako ulikauka na kukakamaa kwa kudungwa mara kwa mara, hata wakashindwa kuchuchumaa.

Ndiyo maana mtoto mdogo anayehitaji sindano ya msuli hufaa adungwe pajani. Ukimwona mhudumu akimvua mtoto wako suruali ili amdunge tako, una haki ya kusema kwa upole, "Daktari, je, huwezi kutumia paja?"

Mshipani

Mlango wa nne huingia moja kwa moja katika damu. Moyo wa mtu mzima aliyetulia husukuma damu yote ya mwili kwa muda wa kama dakika moja. Kwa hivyo dawa iliyotiwa mshipani hufika kila pembe ya mwili kabla hujamaliza kuagana na muuguzi.

Kasi hiyo ni baraka kwa mgonjwa mahututi. Mfano mzuri ni malaria kali, ile ya mtoto anayetetemeka kwa degedege, aliyezirai au asiyeweza kunywa wala kunyonya. Kwa miaka mingi mtoto kama huyo alitibiwa kwa kwinini. Kisha ukafanywa utafiti katika nchi tisa za Afrika, Kenya ikiwemo, na matokeo yakatangazwa mwaka 2010. Watoto 5,425 waligawanywa makundi mawili. Katika kundi la kwinini walikufa asilimia 10.9, na katika kundi lililodungwa artesuneti walikufa asilimia 8.5. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likapendekeza artesuneti kwa watoto wenye malaria kali. Dawa hii hutiwa mshipani, na mshipa usipopatikana inaweza kudungwa kwenye msuli. Mgonjwa akishaweza kumeza, ni lazima amalizie tiba kwa tembe za siku tatu. Anayeondoka hospitalini akafikiri kwamba sindano imemaliza kazi hajapona bado.

Lakini kasi ile ile ni hatari, kwa sababu kilichokwisha kuingia mshipani hakirudishwi. Tembe iliyomezwa kimakosa huenda ikatapishwa. Iliyomo kwenye damu tayari imo moyoni na kwenye ubongo. Chukua mfano wa benzathini penisilini, dawa nyeupe kama maziwa. Hutumiwa kuwatibu mama wajawazito wenye kaswende, na kuwakinga watoto ambao homa ya baridi yabisi imeugusa moyo wao, wanaodungwa kila baada ya wiki tatu au nne. Ikidungwa ndani kabisa ya msuli, hukaa humo wiki kadhaa ikilinda mwili. Ikiingia mshipani, yaweza kusimamisha moyo. Ni chupa moja na mkono mmoja, lakini milango miwili.

Na vipi kuhusu kutundikiwa maji? Watu wengi huamini kwamba mgonjwa hajatibiwa mpaka aone chupa ikining'inia. Kwa mgonjwa wa kuhara aliyelegea kabisa, maji ya mshipani huokoa maisha. Lakini yule anayeweza bado kunywa, maji yenye chumvi na sukari ya pakiti humfaa vilevile. Ushahidi mkubwa ulipatikana mwaka 1971, kipindupindu kilipozuka katika kambi za wakimbizi wa Bangladesh waliokimbilia India. Maji ya kutundika yalikwisha, na daktari Dilip Mahalanabis akaamua kuwanywesha wagonjwa mchanganyiko wa chumvi na sukari. Vifo vilipungua sana. Pakiti unayoipata zahanati leo ni mtoto wa uamuzi ule.

Milango ya nadra

Kuna milango ambayo huenda usiione maishani. Mtoto aliyekaukiwa na maji mwilini mpaka mishipa yake ikajificha anaweza kudungwa ndani ya mfupa, kwenye muundi chini kidogo ya goti. Uboto wa mfupa una njia za damu zisizojifunga, na dawa hupita humo kama ilivyo mshipani.

Mlango mwingine ni wa mgongoni. Mama anayezaa kwa kupasuliwa mara nyingi hudungwa dawa ya ganzi katika sehemu ya chini ya mgongo, akafa ganzi kuanzia tumboni kwenda chini huku akiwa macho. Njia hii ilianzishwa na August Bier huko Kiel, Ujerumani, mwaka 1898. Sindano huingizwa chini ya pale uti wenyewe unapokomea, mahali penye maji tu, kwa hivyo haiuchomi uti.

Ni mlango huu unaotufunza somo kali kuliko yote. Katika bustani nyingi humea ua dogo la rangi ya waridi au nyeupe, lenye asili yake kisiwani Madagaska. Kutokana na mmea huo ilipatikana vinkristini, dawa iliyosaidia kuwaokoa watoto wengi wenye saratani ya damu. Hutiwa mshipani tu. Mtoto huyo huyo aghalabu huhitaji pia dawa nyingine ya saratani ambayo hudungwa mgongoni. Katika nchi kadhaa imetokea mabomba mawili yakabadilishwa, vinkristini ikaenda mgongoni, na karibu wagonjwa wote waliofikwa na jambo hilo walikufa. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo kwa hospitali zote, likashauri dawa hiyo itiwe katika mfuko mdogo wa maji badala ya bomba, ili asitokee mtu wa kuikosea mlango. Dawa inayoponya kupitia mkononi huua kupitia mgongoni.

Mapenzi yetu kwa sindano

Kwa nini basi tunaipenda sindano kiasi hiki? Sehemu ya jibu imo katika historia. Babu na nyanya zetu waliujua ugonjwa wa buba, uliojaza vidonda mwilini na kula mifupa. Kati ya mwaka 1952 na 1964 Shirika la Afya Duniani na UNICEF ziliendesha kampeni katika nchi nyingi za joto, na watu wapatao milioni 50 wakatibiwa. Dawa ilikuwa penisilini, tena sindano moja tu. Vidonda vya miaka vilikauka kwa siku chache. Aliyeyaona hayo kwa macho yake angeacha vipi kuiamini sindano?

Hata hivyo, imani hiyo imetugharimu. Wasomaji wenye umri wanakumbuka mabomba ya glasi yaliyochemshwa kwenye sufuria na kutumiwa tena na tena. Kwa mwaka 2000 pekee, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba sindano zisizo salama zilisababisha maambukizi milioni 21 ya homa ya ini aina ya B, milioni 2 ya aina ya C, na 260,000 ya virusi vya Ukimwi duniani. Nyingi za sindano hizo hazikuhitajika tangu mwanzo.

Ndiyo sababu mabomba ya chanjo ya siku hizi hujifunga yakishatumiwa mara moja, na hata hapa nchini yanatengenezwa, katika kaunti ya Kilifi. Lakini bomba la namna hiyo halimzuii mtu kudunga mahali pasipofaa, wala kudunga dawa ambayo tembe ingetosha.

Kwa hivyo, kabla ya sindano kuingia mwilini mwako au mwa mtoto wako, uliza maswali haya:

1. Hii ni dawa gani, na ni ya ugonjwa gani?

2. Je, kuna tembe au dawa ya maji inayoweza kufanya kazi hiyo hiyo?

3. Inaingia wapi: ngozini, chini ya ngozi, kwenye msuli au mshipani?

4. Kama ni mtoto mdogo, je, itadungwa pajani?

5. Je, naweza kukuona ukifungua pakiti mpya ya bomba na sindano?

Baada ya sindano, kaa kliniki kwa dakika 15 au zaidi, kwani mwili ukiikataa dawa dalili mbaya aghalabu huanza mapema. Mtoto akianza kuchechemea, mguu ukilegea, au mahali alipodungwa pakizidi kuvimba na kuwa pa moto, mrudishe hospitali siku hiyo hiyo. Usimsubirie kesho, wala usimkande kwa maji moto ukitumaini patatulia. Tena weka kijitabu cha kliniki mahali salama, kwa maana humo ndimo imeandikwa kila chanjo na siku yake.

Muuguzi mwema hatakasirikia maswali hayo. Atafurahi kuwa amempata mzazi anayejali. Na yule atakayekufokea kwa kuuliza, huyo amekwisha kukujibu: chukua mtoto wako mwende kwingine. Wahenga walisema asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Kuhusu sindano, mzazi asiyeuliza anaweza kumbebesha mwanawe gharama ya kimya chake kwa mguu mmoja, maisha yote.